Revox B77: kinasa sauti cha kufufulia kanda za redio ya mji mdogo

Kwa anayetaka mashine moja tu ya kuchezea kanda za zamani za redio ya mji mdogo, ushauri wetu ni huu: atafute Revox B77 ya njia mbili, yaani inayosoma mistari miwili ya sauti kwenye kanda, yenye kasi za sentimita 19 na 9.5 kwa sekunde, na atenge fedha nyingine za fundi kabla hata hajaiwasha. Toleo likiwa tofauti na hilo, mashine hiyo hiyo nzuri itageuka mzigo. Ndiyo maana tathmini hii inakaa sana kwenye suala la toleo, kisha inaingia ndani ya mashine kuonyesha kinachoharibika baada ya miaka zaidi ya arobaini.

Mashine hupimwa kwa kazi yake, basi tuanze na kanda. Kituo kikubwa cha taifa kilirekodi kwa utaratibu mmoja, kwa kasi moja, na maktaba ya sauti ikaandika kila kitu. Kituo cha mji mdogo kilirekodi kwa kifaa chochote kilichopatikana. Mwandishi alitoka na kinasa cha begani kama Uher 4000, chenye rili (magurudumu ya kuzungushia kanda) za sentimita 13 na kasi nne kuanzia 19 hadi 2.4. Studio ilikuwa na mashine ya mono, yaani ya chaneli moja ya sauti, iliyotumia upana wote wa kanda, baadaye ikaja ya njia mbili. Msikilizaji mwenye kinasa chake nyumbani alileta kanda ya njia nne, ikachezwa hewani na kubaki stoo. Na kwa kuwa kanda haikuwa rahisi kununua, ilitumika tena na tena. Boksi moja laweza kuwa na aina zote hizo, lebo zimefutika. Humo ndani mna vikao vya baraza la mji, mechi, taarifa za mafuriko, na mahojiano na wazee ambao sauti zao hazipo mahali pengine popote. Historia ya kituo imelala hapo, na bila mashine haisomeki.

B77 ilitoka mwaka 1977 kwenye kampuni ya Willi Studer nchini Uswisi, ikichukua nafasi ya A77 ya mwaka 1967. Ina mota tatu: moja kwa kila rili, na ya tatu ni ya kapstani, yaani mhimili mwembamba wa chuma unaoivuta kanda kwa kasi isiyobadilika. Kasi hiyo inasimamiwa na saketi ya kielektroniki, kwa hiyo umeme uwe wa Hz 50 au 60, sauti haipandi wala haishuki. Inabeba rili hadi za sentimita 26.5, na uzito wake ni takriban kilo 17. Fremu yake ni ya aluminiamu ya kumiminwa, na hiyo ndiyo siri ya hedi zake, vile vichwa vinavyofuta, kurekodi na kusoma kanda, kukaa sawa miaka mingi hata baada ya kuhamishwa huku na huku.

Sifa inayotufanya tuipende kwa kanda dhaifu ni jinsi inavyozishika. Kwenye A77, ukibonyeza kitufe cha kucheza wakati rili bado zinakimbia, kanda inaweza kunyooka au kukatika papo hapo. B77 ina kihisi kinachojua kama rili zinazunguka. Ukiiamuru icheze katikati ya kurudisha nyuma, hufunga breki, husubiri kanda isimame kabisa, ndipo rola ya mpira inapoisukuma kanda kwenye kapstani. Kanda ya miaka hamsini ikishanyooka, maneno ya pale yamepotea. Kwa kazi ya aina hii, kihisi hicho kinatosha kuipa B77 ushindi dhidi ya kaka yake, hata kama A77 inapatikana kwa bei nafuu zaidi.

Njia mbili au njia nne

Kanda ya studio ina upana wa milimita 6.3. Mashine ya mono ya upana wote huandika mstari mmoja unaoujaza wote. Mashine ya njia mbili huandika mistari miwili, kila mmoja zaidi kidogo ya milimita 2. Mashine ya njia nne huandika mistari ya milimita 1, miwili ikienda na mingine miwili ikirudi baada ya rili kugeuzwa. B77 ilitengenezwa kwa aina zote mbili, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Soma kibandiko cha mashine, lakini usikiamini peke yake, maana hedi hubadilishwa. Ondoa kifuniko cha hedi na utazame ile ya kusomea, iliyo upande wa kulia kabisa. Kwenye njia mbili utaona vipande viwili vipana vinavyokaribia kujaza upana wa kanda. Kwenye njia nne ni vipande viwili vyembamba: kimoja juu kabisa, kingine chini kidogo ya katikati, na chini yake pako tupu.

Hedi ya njia nne itasoma kanda ya redio, lakini itasoma ukanda mwembamba tu wa mstari mpana. Upana unaosomwa ukipungua kwa nusu, unapoteza desibeli 3 kati ya sauti na kelele ya kanda. Kibaya zaidi, ukingo wa kanda ya zamani huwa umekunjamana, na chaneli ya juu ya hedi hiyo inasoma hapo hapo ukingoni. Matokeo yake ni sauti inayofifia na kurudi kila baada ya sekunde chache, kasoro ambayo haiondoki kwa programu yoyote.

Kinyume chake pia kina ubaya wake, na ni haki kuusema. Kanda ya njia nne iliyorekodiwa pande zote mbili, ikichezwa na hedi ya njia mbili, hutoa sauti ya upande wa kwanza huku upande wa pili ukisikika kinyumenyume chini yake. Kwa kanda hizo za wasikilizaji B77 ya njia mbili haifai kabisa. Stoo ikiwa imejaa kanda za namna hiyo, soma habari za mashine ya Otari huko chini.

Chaneli mbili zinavyofichua kilichomo

Hapa ndipo mashine hii inapolipa gharama yake. Weka kanda isiyo na lebo, kiteuzi cha kusikilizia kiwe kwenye kanda na siyo kwenye ingizo (kosa hili huwafanya watu wengi waamini kuwa mashine imekufa), kisha sikiliza kila chaneli peke yake kwa dakika moja.

Chaneli zote mbili zikisema jambo lilelile kwa nguvu ileile, kanda ni mono ya upana wote. Zikifanana bila kulingana, ni stereo. Kushoto kukiwa na mtu anayezungumza vizuri na kulia kukiwa na maneno yanayokwenda kinyume, ni mono ya nusu upana iliyorekodiwa pande zote mbili. Usigeuze rili. Nasa chaneli zote mbili kwa mkupuo mmoja, kisha ndani ya programu ya sauti ya Audacity itenge chaneli ya kulia, uigeuze mwisho uwe mwanzo, na uihifadhi kama faili lake. Saa moja ya kuchezesha inakupa saa mbili za matangazo. Tahadhari yake ni kwamba upande wa pili huenda ulirekodiwa kwa mashine nyingine, na pembe ya hedi ikawa tofauti. Ukisikia upande huo umefunikwa kama mtu anayesema nyuma ya mlango, uchezeshe tena peke yake.

Hali ya nne ndiyo inayostahili subira. Kushoto kuna kipindi kimoja, kulia kuna kingine kabisa, na vyote viwili vinakwenda mbele. Kanda hiyo ilitumika mara mbili. Mara ya kwanza ilirekodiwa kwa mashine ya upana wote. Mara ya pili mtu aliiweka kwenye kinasa cha nusu upana, ambacho hedi yake ya kufutia hugusa nusu ya juu tu. Nusu ya chini ikabaki na kipindi cha zamani, ambacho hakuna aliyekikusudia kubaki. Ukichezesha kanda hiyo kwa mashine ya mono ya upana wote utasikia vurugu la sauti mbili na utaitupa. Kwa hedi ya njia mbili, unapata vipindi viwili vilivyotengana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usizime mashine kipindi kinapoisha. Kituo kilichotumia tena kanda ya nusu saa kwa kipindi cha dakika ishirini kiliacha dakika kumi za kipindi cha awali mwishoni. Acha kanda iende mpaka ichomoke kwenye rili. Mara nyingi matangazo ya zamani kuliko yote ya kituo hupatikana kwenye mikia hiyo, baada ya ukimya unaoweza kuchukua dakika nzima.

Kasi, muda na usawazishaji

Toleo la kawaida la B77 lina kasi za 9.5 na 19. Toleo la kasi kubwa lina 19 na 38. Yalikuwepo pia ya kasi ndogo zaidi. Kasi ya 38 ilipendwa na studio za muziki. Redio ndogo ilirekodi vipindi kwa 19 na mazungumzo kwa 9.5 ili kubana matumizi ya kanda. Toleo la kawaida ndilo linalofaa. Kwa kasi ya 19, rili ya sentimita 18 yenye mita 360 hutoa takriban dakika 31. Yenye kanda nyembamba ya mita 540 hutoa dakika 47. Rili ya 13 yenye mita 180 ni dakika kama 16. Rili mia moja za mita 360 ni saa 52 na ushei za sauti.

Kanda ya mwandishi iliyorekodiwa kwa 4.75 haina kasi yake kwenye mashine hii. Icheze kwa 9.5, unase kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, kisha uiambie programu kwamba faili hilo ni la 48,000. Sauti itashuka mahali pake bila hesabu nyingine. Itakuwa na ukali uliozidi, kwa sababu mashine ilisawazisha, yaani ilirekebisha uwiano wa sauti za juu na za chini, kwa kanuni ya 9.5, hivyo ipunguze sauti za juu kwa kichujio laini, na uandike kwenye maelezo ya faili kwamba umefanya hivyo.

Usawazishaji wenyewe una viwango viwili kwa kasi ya 19: NAB, uliotumika zaidi Marekani, na IEC, uliotumika na redio nyingi za Ulaya na za nchi zilizonunua vifaa vya Ulaya. B77 moja hufuata kiwango kimoja. Kanda ya IEC kwenye mashine ya NAB hupoteza karibu desibeli 3 kwenye sauti za juu, na kiasi kama hicho kwenye besi nzito ya Hz 50. Hili lisikukoseshe usingizi: tofauti hiyo inajulikana kihesabu na hurekebishwa baadaye bila hasara. Kinachodhuru ni kutokujua mashine yako ni ya kiwango gani, halafu kurekebisha kwa kubahatisha.

Kabla ya kuiwasha

B77 iliyokaa stoo isichomekwe kwenye umeme kwa majaribio. Ndani yake mna kapasita (vijenzi vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) za karatasi za chapa ya Rifa, zenye ganda linaloonekana kama plastiki ya rangi ya asali. Ganda hupasuka nyufa ndogo, unyevu huingia, na umeme ukifika hulipuka kwa moshi mzito unaonuka. Mara nyingi mashine hubaki nzima, lakini masizi na harufu hukaa muda mrefu. Zibadilishe zote kwa za kisasa za daraja la X2 kabla ya jambo lingine lolote. Hakikisha pia swichi ya volti imewekwa kwa umeme wa mahali mashine inapotumika.

Kisha kuna trima, vile virekebishio vidogo vya kuzungushwa kwa bisibisi kwenye bodi za sauti. Zile za asili ziko wazi, vumbi na kutu huingia, na chaneli moja huanza kupotea na kurudi. Kuzipulizia dawa ya kusafishia hutibu kwa wiki chache tu. Fundi anayejua mashine hii huzitoa zote na kuweka zilizofungwa, kisha hupima upya viwango. Bodi ya kasi nayo ina kapasita zinazokauka; dalili yake ni kasi inayoyumba mashine ikiwa baridi, au kapstani inayokimbia kupita kiasi bila kusikia kitufe cha kasi. Ukiona kapstani inakimbia hivyo, usiweke kanda yenye thamani hata kwa sekunde moja.

Rola ya mpira iguse kwa kidole. Ikiwa ngumu na inang'aa, kanda itateleza. Ikiwa laini na inanata, itaivuta kanda na kuikunja. Zote mbili ni za kubadilisha. Usipoteze muda kuikwangua kwa msasa. Breki zijaribu kwa rili mbili kubwa za kanda isiyo na maana: peleka mbele kwa kasi, kisha simamisha. Rili zote mbili zisimame bila kanda kulegea na kutengeneza kitanzi. Kitanzi kikitokea, breki ya upande unaolisha kanda ni dhaifu.

Hedi zipitishie ukucha kutoka juu kwenda chini. Mfereji uliochimbwa na kanda ukisikika wazi kwenye kingo, na eneo lililosuguliwa likiwa pana kama milimita 5 au 6, hedi imechoka na sauti za juu zitakuwa hafifu. Hedi inaweza kusuguliwa upya na mtaalamu mara moja au mbili kabla ya kufa kabisa.

Jambo la mwisho hapa, na tunalisisitiza: zima swichi za kurekodia za chaneli zote mbili, na ikiwezekana fundi azitenganishe waya za hedi ya kufutia. Mashine inayosoma kumbukumbu haina sababu ya kuwa na uwezo wa kufuta.

Kanda inayonata na kanda inayovunjika

Kasoro nyingi zinazolaumiwa kwenye B77 ni za kanda. Sauti ikianza kuwa na kilio kama cha mlango mkavu, hedi zikajaa tope la kahawia au jeusi, na mashine ikapunguza mwendo, simamisha mara moja. Gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu na kuoza. Ugonjwa huu ni wa kanda za poliesta zenye mgongo uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, hasa za miaka ya 1970 na 1980. Ampex 406 na 456 na Scotch 226 zinajulikana sana kwa hilo. Usizirudishe nyuma kwa kasi kabla ya kuzitibu, maana tabaka hung'oka na kubaki limegandia kwenye mzunguko wa pili.

Tiba ni joto la wastani wa nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa kama 8, kwenye kifaa chenye feni na joto lisiloruka, kwa mfano kikaushio cha matunda kilichopimwa kwa kipimajoto cha pembeni. Oveni ya jikoni joto lake hupanda na kushuka, na mikrowevu ni kuiua kanda moja kwa moja. Geuza rili kila baada ya saa mbili, kisha iache ipoe kwa muda uleule kabla ya kuicheza. Nafuu hiyo hudumu wiki kadhaa, halafu kanda hurudia hali yake. Kwa hiyo tibu zile utakazozinasa wiki hiyo tu.

Kabla ya kuipa kanda joto, hakikisha siyo ya asetati, plastiki ya kanda za zamani zaidi. Inua rili, itazame kwa ubavu dhidi ya taa. Mwanga ukipenya kwenye msokoto, ni asetati, na joto litaiharibu kabisa. Harufu ya siki inathibitisha kwamba imeanza kuoza. Asetati huvunjika kwa mkato safi bila kunyooka, na hiyo ni heri, kwa sababu vipande huungana vizuri. Poliesta hunyooka kwanza, na kipande kilichonyooka hakirudi.

Viungio vya zamani hukauka na kuachia, hasa kwenye taarifa za habari zilizokatwa na kuungwa mara kumi kwa rili moja. Tumia utepe maalumu wa kuungia, ulio mwembamba kidogo kuliko kanda ili gundi isitoke pembeni, na ukate kwa pembe ya nyuzi 45 kwenye kibao chake. Selotepu ya ofisini gundi yake huvuja, hushika mzunguko wa juu na wa chini, na baada ya miaka michache pale pale patakatika tena.

Baada ya kila rili, safisha hedi na kapstani kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Rola ya mpira ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu. Kila baada ya saa nane hadi kumi za kazi, ondoa usumaku kwenye hedi: mashine imezimwa, kanda ziko mbali mita kadhaa, kifaa cha kuondolea usumaku kiwashwe kikiwa mita moja kutoka kwenye mashine, kisogezwe polepole, na kizimwe baada tu ya kurudishwa mbali vilevile. Ukikizima kikiwa karibu na hedi, umeacha usumaku mwingi kuliko uliokuwepo.

Pembe ya hedi, kisha faili

Kila kanda ilirekodiwa na mashine yenye pembe yake ya hedi. Pembe hiyo, ambayo mafundi huiita azimuthi, ikitofautiana na ya B77 yako, sauti za juu hufifia na maneno yenye "s" na "f" huwa mazito. Weka alama ya rangi kwenye mahali pa asili pa skrubu ya azimuthi ya hedi ya kusomea, unganisha chaneli zote mbili ziwe mono, kisha zungusha kidogo mno, chini ya robo ya mzunguko, mpaka sauti iwe angavu kuliko kote. Fanya hivyo kwa kila kanda, na mwisho wa siku rudisha kwenye alama. Hili ndilo jambo linaloboresha sauti kuliko mabadiliko yote ya vifaa, na ndilo linalorukwa zaidi.

Nasa kwa WAV, biti 24, sampuli 96,000. Stereo ya kiwango hicho hula takriban GB 2.07 kwa saa, hivyo zile rili mia zitahitaji kama GB 110, na nakala tatu kwenye diski tofauti. Vilele vya sauti viwe karibu na desibeli 10 chini ya kikomo, kwa sababu kanda ya redio huanza kwa mnong'ono na ghafla huja ngoma ya utambulisho wa kipindi. Usichuje kelele kwenye faili la asili. Tengeneza nakala nyingine ya kuchuja. Kwa hesabu ya kazi, weka saa tatu kwa kila saa ya sauti: kukagua, kusafisha, azimuthi, kunasa, na kuandika maelezo. Lipige picha boksi pamoja na karatasi iliyomo ndani kabla hujafungua kanda, maana mwandiko wa penseli hufutika mikononi.

Mapungufu na washindani

B77 haina kurudisha kwa taratibu. Kasi yake ya kurudisha ni kubwa mno kwa kanda yenye viungio vibovu, na huacha msokoto usio sawa. Dawa ni kuihifadhi kanda kama ilivyomaliza kuchezwa, mwisho ukiwa nje, ambavyo pia hupunguza mwangwi unaotangulia neno, pale usumaku unapovuja kutoka mzunguko mmoja wa kanda hadi wa jirani. Kwa rili ndogo, kumbuka kitufe cha ukubwa wa rili; ukiacha mvuto wa rili kubwa kwenye rili ya sentimita 13, kanda nyembamba itanyooka. Kwa misokoto ya redio isiyo na kuta za pembeni utahitaji sahani na vishikizo vya aina ya AEG, na usiiinue kamwe bila kuilaza juu ya sahani, la sivyo katikati yake hudondoka na kanda yote humwagika.

Matokeo yake ya sauti ni ya jeki za nyumbani, zisizo na kinga ya waya mrefu. Waya usizidi mita mbili. Anayetaka plagi za XLR atafute PR99, ndugu yake wa studio, ambaye pia hedi zake ziko wazi kwa ajili ya kukata kanda. Studer A810 inaipita kwa kila kipimo, lakini ni nzito, na bodi zake zinahitaji fundi ambaye si rahisi kumpata. Mshindani wa kweli ni Otari MX-5050 ya njia mbili, hasa matoleo ya B-II: ina hedi ya nne, ya kusomea njia nne, unayoihamia kwa swichi. Kwa stoo iliyochanganyika sana tungeichukua hiyo kabla ya B77, isipokuwa kama fundi wa karibu anaijua Revox na haijui Otari. Fundi ana uzito kuliko chapa.

Kaseti na katriji hazimo kwenye uwezo wa mashine hizi zote. Katriji ndizo zenye alama za sauti za kituo na matangazo mafupi ya biashara, kwenye kanda ya kitanzi iliyopakwa kilainishi, na husomwa na mashine yake tu. Ukiipata mashine hiyo, usisukume katriji ndani kwanza. Tazama sponji ya ndani ya katriji inayoikandamiza kanda kwenye hedi: ikibonyezwa ikabaki imebonyea au ikageuka unga, ibadilishe, uondoe mabaki yote kwa brashi laini, ndipo uicheze.